Mtutu wa Mwingereza, Gurudumu la Mjerumani

Niungame mapema kabla hujasikia kwa watu wengine. Nilipokuwa darasa la sita nilisimama mbele ya wakubwa wa mkoa, sweta la shule limetoboka kiwiko, kijiti mkononi, nikawaeleza kwa sauti ya mtu anayejua habari za mzinga mdogo niliouunda mwenyewe. "Huu ndio mzinga wa Mjerumani," nikasema, nikagonga ubao kwa kijiti. Wakapiga makofi. Sasa ukweli ni kwamba mzinga ule ulikuwa wa Mjerumani kuanzia chini mpaka kwenye ekseli. Kuanzia ekseli kwenda juu ulikuwa wa Mwingereza. Nilichukua majeshi mawili yaliyokuwa yanawindana nchi nzima, nikayapigilia kwenye ubao mmoja na kuyapaka rangi moja. Mzinga ule ungepewa amri ya kupiga, sijui ungeanza na nani.

Nimeyakumbuka haya juzi, hapa nyumbani Soweto, Mbeya, mke wangu aliponikabidhi kitambaa akasema wageni wanakuja na hawezi kuwakaribisha kwenye vumbi. "Anza na vyuma vyako," akasema. Vyuma vyangu ni mizinga kumi na mmoja, ya mbao, bati na mianzi, mkubwa kuliko yote hauzidi kiatu cha mtu mzima. Inakaa kwenye kabati la vioo, mahali ambapo watu wenye akili huweka vikombe. Yote ni ya aina ile iliyopita kwenye milima yetu babu zetu wakiwa vijana, wakati Mjerumani na Mwingereza walipokuwa wanafukuzana humu. Wageni wakiiona huniuliza kama niliwahi kuwa jeshini. Mke wangu hujibu kwa niaba yangu. "Huyu? Huyu kuku tu anachinjiwa na jirani." Siwezi kubisha. Vita yangu yote nimepigana nimekaa kwenye kigoda, gundi vidoleni.

Ugonjwa wenyewe ulianza utotoni. Tulikuwa tunakaa Mwanjelwa, soko likiwa bado dogo kiasi kwamba mama akisahau chumvi alimwita muuzaji kupitia dirishani. Baba alikuwa karani kwenye ghala la pareto, na nguo zake zilinuka yale maua makavu hata zikifuliwa mara mbili; mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya mbu namwona baba mlangoni anavua kofia. Wenzangu walicheza mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba za migomba. Mimi waliniweka golini siku moja, nikafungwa magoli saba kwa sababu nilikuwa natazama jinsi magurudumu ya lori la simenti yanavyokata kona, na baada ya hapo hatukusumbuana tena. Nilibaki nyumbani. Nilimenya viazi, nilichambua maharage, nilikaa karibu na jiko mvuke wa makande ukinipasha uso, huku nje ukungu wa Julai umeshuka mpaka huoni miguu ya ng'ombe, unaona migongo tu inapita. Na mikono ikikosa viazi, iliunda vitu.

Kwenye kitabu chetu cha historia kulikuwa na picha moja ya mzinga. Ilikuwa ndogo kama stempu, na wino ulikuwa umevuja, kwa hiyo ungeweza kuapa mambo mawili tu: kuna kitu kirefu na kuna kitu cha mviringo. Nikakipenda kitu hicho, usiniulize kwa nini. Mizinga yangu ya kwanza ilikuwa ya magunzi ya mahindi. Iliyofuata ilikuwa ya udongo, mitano, na kwa kuwa nilisikia kwamba vyungu huchomwa ndipo vikaze, niliipanga ikiwa mibichi ndani ya makaa, chini ya sufuria ya mama ya maharage. Ilipasuka mmoja baada ya mwingine. Kifuniko kiliruka, majivu yakapanda mpaka darini, mama akajikuta uani hajui amepita mlango gani. Pumzi ziliporudi aliniita kwa jina langu lote, lile la kubatizwa na lile la ukoo, akasema, "Ukitaka vita, tafuta nchi yako. Hili ni jiko langu." Nadhani hiyo ndiyo mizinga pekee katika maisha yangu iliyowahi kulia.

Likizo zote nilipelekwa Iringa kwa bibi mzaa mama. Barabara ya lami ilikuwa bado mpya, na basi lilikwenda kama linajionyesha. Makambako tulinunua viazi vya kuchemsha madirishani, Mafinga tulifunga madirisha kwa baridi, na jioni mji wa Iringa ulionekana juu kule, taa chache, miamba mikubwa imekaa kama watu waliochoka kusubiri. Bibi alinipokea kwa salamu ya Kihehe, "kamwene", na konzi ndogo ya kichwa, vyote kwa mpigo. Alikuwa mwanamke mfupi, mvutaji wa ugoro, mwenye chafya ya kutikisa mabati, na ulimi wake haukumwogopa mtu.

Mtu aliyeuonja ulimi huo kuliko wote ni jirani yake, mzee mrefu, mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Sisi watoto tulimpenda kwa sababu ya ulanzi wa asubuhi, ule mtamu ambao haujachacha, aliotumiminia kwenye kikombe cha bati, kila mtu mafunda mawili. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho, jeupe kama maziwa. La kushoto lilikuwa linaona bado, na alilitumia kwa kugeuza kichwa pembeni kama kuku anayetazama punje.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Nilikuwa barazani kwa bibi naunda mzinga, nimetumia vifuniko viwili vya dawa ya viatu kuwa magurudumu. Mzee akapita na kibuyu chake, akasimama, akageuza kichwa.

"Unatengeneza nini, wewe wa Mbeya?"

"Mzinga, babu."

"Mzinga gani hii? Gurudumu yake iko kama sahani."

Bibi akapiga chafya, akafuta pua kwa kona ya kanga. "Haya, mjukuu wangu, umemgusa gurudumu. Leo ng'ombe watarudi wakukute hapo hapo. Huyu alibeba gurudumu ya Mjerumani ujana wake wote, likamwingia kichwani halijatoka."

"Nilibeba," mzee akasema bila kumjali, akakaa. "Gurudumu ya kushoto. Kutoka hapa mpaka ng'ambo ya Mahenge. Ya kushoto ilikuwa na alama ya rangi nyeupe, hapa, usije ukachanganya."

Ndipo nikasikia jambo ambalo kitabu cha shule hakikusema. Mzinga ule wa milimani ulikuwa haukokotwi pasipo na barabara. Ulifunguliwa vipande vipande, kila kipande kikapewa watu, kumi na wanne kwa jumla, wakaenda nacho kichwani au begani. Yeye aliwekewa gurudumu likiwa limelala, ngata ya majani chini yake, ukingo umemzunguka pande zote kama kofia ya mzungu iliyokosea kipimo. Alilijua gurudumu lile kuliko alivyowajua watoto wake. Lilikuwa na miti kumi na miwili kutoka katikati mpaka ukingoni. Mti wa nne kutoka kwenye alama ulikuwa umelegea, ukilia kila hatua, na yeye aliutumia kuhesabia safari. Jua likiwaka, grisi iliyeyuka ikamwingia masikioni. Mvua ikinyesha, maji yalimwagika pande zote isipokuwa juu yake, na hiyo ndiyo faida pekee aliyoipata katika vita ile.

"Nilikuwa sioni mbele," akasema. "Naona miguu ya yule anayenitangulia. Alikuwa na kidole gumba kimepinda, hivi. Sura yake siijui mpaka leo. Kidole nakijua."

"Na mtutu ulikuwaje, babu?"

"Sijui. Ulikuwa umezungushiwa turubai, naona mzigo mrefu tu."

"Ngao yake? Mkia?"

"Sijui, mwanangu. Tukifika mahali pa kupigana, askari wanachukua vipande, wanafunga wenyewe. Sisi tunafukuzwa nyuma ya kilima, tunalala kifudifudi, mtu asiinue kichwa. Tunaisikia tu. Ikipiga, tumbo linaruka kwanza, masikio baadaye. Wakituita, tunakuta wameshafungua, gurudumu yangu iko chini inaningoja, inanuka moshi." Akatikisa kibuyu, akasikiliza kilichobaki. "Mvua mbili nzima niko na kitu hicho. Sijawahi kukiona kimesimama."

Nilimtazama bibi nikitegemea neno la utani. Alikuwa ameshika kopo la ugoro, halifungui.

Mzee akachukua mzinga wangu wa vifuniko vya dawa ya viatu, akausogeza karibu na jicho lake zima, akanirudishia kwa heshima kama mtu anayerudisha mtoto mchafu kwa mama yake. "Wewe una mikono," akasema. "Tengeneza mmoja wa kweli, mzima. Uniletee niuone. Lakini usikawie, hili jicho nalo linataka kufunga duka."

Kesho yake asubuhi alinipasulia mianzi ya kutengenezea ile miti ya gurudumu, vijiti vyembamba vilivyonyooka, akavifunga kwa ukambaa. Nilirudi navyo Mbeya nimevipakata safari nzima, abiria mwenzangu akidhani ni dawa.

Gurudumu basi nilikuwa nalo. Shida ilikuwa vingine vyote. Na bahati, au ujinga, ukanipeleka kwa mlinzi wa lile ghala la baba. Huyu naye alikuwa mzee, mtu wa upande wa Tukuyu, mwenye koti la jeshi lisilo na kifungo hata kimoja na tabia ya kuongea na wewe huku anatazama kufuli. Nilimpelekea chakula cha mchana cha baba, nikamweleza habari ya gurudumu. Akacheka.

"Gurudumu ni mchezo," akasema. "Mimi nilibeba mtutu."

"Mtutu mzima?"

"Nusu. Ulikuwa vipande viwili, unakazwa katikati kama kifuniko cha chupa. Mimi nusu ya nyuma, ndiyo nzito. Mwenzangu nusu ya mdomo. Tulikuwa tunapokezana matusi njia nzima, kila mmoja anasema mwenzake kapewa nyepesi."

Nilimwuliza urefu, akapima kwa mkono wake kuanzia kwapani. Nilimwuliza unene, akanionyesha paja langu, kisha akaliangalia vizuri akasema hapana, paja la mtu anayekula. Nilimwuliza kuhusu ngao, na mkia, na kila skrubu. Kwa bahati njema alilala siku moja chini ya mkia wa mzinga mvua ilipowakuta, kwa hiyo huo nao aliujua. Wiki tatu nilimsumbua. Swali moja tu sikumwuliza: ulimbebea nani? Akilini mwangu mzinga ulikuwa mzinga, kama vile ng'ombe ni ng'ombe. Ya kwamba wazee hawa wawili huenda walilala kifudifudi kwenye vilima viwili vinavyotazamana, kila mmoja tumbo lake likirushwa na kipande cha mwenzake, haikunijia kabisa. "Ndaga," nilimwambia, kwa kuwa alipenda kushukuriwa kwa Kinyakyusa, nikakimbia nyumbani kukata bomba.

Bomba lenyewe lilikuwa la pampu ya baiskeli ya baba. Nililikata katikati kwa msumeno wa kuazima, nikaliunganisha tena kwa nati kubwa niliyookota karibu na kambi ya wajenzi wa reli. Ilikaza vizuri sana. Baba alisukuma baiskeli kwenda kazini wiki nzima, tairi limelala, kila mtu akimwuliza. Siku ya Jumamosi aliniita akanichapa fimbo tatu za polepole, za karani, kama anayegonga muhuri. Kisha akautazama ule mtutu kwa muda mrefu, akasema, "Umekaza sawa," akaondoka.

Mwezi wa Mei mzinga ulisimama. Sijisifu, lakini acha nijisifu: ulikuwa mzuri. Magurudumu ya mianzi yenye miti kumi na miwili kila moja, ukingo umevikwa bati la debe, alama nyeupe upande wa kushoto, na ule mti wa nne nimeupiga rangi iliyokoza kidogo ili ajue kwamba sikusahau. Mama aliiondoa mwenyewe seti yake ya vikombe vya harusi kwenye kabati, siku mbili tu, watu waje waone.

Mmoja wa waliokuja kuona alikuwa mwalimu wetu wa kazi za mikono. Aliinama mbele ya kabati mpaka miwani ikagusa kioo. "Huu unakwenda Saba Saba," akasema. Mwaka ule shule zote zilitakiwa kuonyesha kazi za wanafunzi kwenye maonyesho ya mkoa, na sisi tulikuwa na kabichi tu. Nikamwambia mwalimu kwamba likizo ya Juni naupeleka Iringa, kuna mzee anausubiri, halafu nitaurudisha. Akanyoosha mgongo. "Ukienda nao Iringa kwa basi utanirudishia gurudumu moja na msumari. Uache hapa. Huyo mzee si yupo? Ataukuta." Na akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba kwenye kadi ataandika jina langu kwa wino mwekundu.

Hapo sasa ndipo nilipofanya lile kosa lingine, ambalo silisimulii kwa kucheka. Ningeweza kukataa. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, na mzinga ulikuwa wangu. Lakini nilishaliona jina langu kwa wino mwekundu, na nikawaona wale walionifunga magoli saba wakilisoma.

Nilikwenda Iringa mikono mitupu. Mzee alikuja barazani siku ile ile, kabla hata sijanawa vumbi la safari, akakaa, akageuza kichwa kunitafuta kwa lile jicho la kushoto. Lilikuwa limeanza ukungu.

"Iko wapi?"

"Rangi haijakauka, babu."

"Ahaa."

Majuma matatu nilikaa pale, na kila alipouliza, rangi ilikuwa haijakauka. Mara ya mwisho hakuuliza. Alinipa tu mianzi mingine, ya akiba, akasema kama nitaharibu. Bibi alikuwa anapepeta mahindi, akasimamisha ungo, akanitazama mpaka nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Saba Saba ilifana. Tuliwekwa kwenye kibanda cha nyasi, mimi kushoto kwangu kabichi kubwa kama karai, kulia kwangu kondoo wa shule jirani aliyekula nusu ya mapambo yetu. Kadi ilisema MZINGA WA MJERUMANI, na jina langu chini yake, jekundu. Wakubwa walikuja, nikaeleza, nikagonga kijiti, makofi kama nilivyokwisha kukwambia. Kabichi ilipewa jembe. Mimi nilipewa kalamu ya wino iliyovuja kwenye mfuko wa shati kabla sijafika nyumbani. Na mzinga haukurudi kabatini kwa mama. Mwalimu mkuu aliuomba ukae ofisini kwake, wageni wauone. Ukakaa Agosti, Septemba, Oktoba. Kila nilipopelekwa kule kwa kuchelewa namba ya asubuhi nilichapwa huku nautazama, na nasema kweli, nilikuwa nafurahi.

Desemba nikarudishiwa. Niliufunga kwa kanga ya mama, nikautia kwenye boksi la sabuni, nikaupakata mpaka Iringa. Bibi alikuja kunipokea stendi, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Hakunipiga konzi. Alichukua mfuko wangu wa nguo, boksi akaniachia.

"Jirani yako sasa anashika kamba kwenda chooni," akasema. "Nimemfungia mwenyewe, kutoka mlangoni kwake. Macho yote mawili yamefunga."

Tulipanda kilima cha kwenda nyumbani, bibi mbele, mimi nyuma. Nakumbuka harufu ya vumbi lililopata mvua ya kwanza, na mtu anayepasua kuni mahali, na boksi lile lilivyokuwa jepesi kwa kitu cha aibu kiasi kile.

Alikuwa amekaa kwenye jua mbele ya nyumba yake, uso ameuelekeza juu. Bibi akamwambia nimekuja na kitu chake. Hakukipokea. Aliomba maji kwanza, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaikausha kwenye shati, ndipo akainyoosha. Nikamwekea mzinga mapajani.

Alianza na gurudumu la kushoto. Namna alivyolijua kuwa ndilo, sijui. Labda rangi ile nyeupe ilikuwa imeacha kovu la kugusika. Alipitisha kidole, mti mmoja baada ya mwingine, midomo ikihesabu. Alipofika kumi na miwili akaguna. Akalizungusha, akaweka sikio.

"Hii hailii," akasema. "Ile ilikuwa inalia."

"Nilikaza sana, babu."

"Sio mbaya." Vidole vikapanda kwenye ekseli, taratibu sasa, kama mtu anayeingia chumba ambacho hajawahi kukaribishwa. Vikapanda kwenye ngao, vikapima upana wake, vikateremka nyuma mpaka mwisho wa mkia, vikarudi. Vikashika mtutu. Uso wake wote ulikuwa unasikiliza. Kisha vidole vikasimama pale kwenye nati.

"Hii nini hapa katikati?"

"Ndipo unapokazwa, babu. Ulikuwa vipande viwili."

"Wa kwetu ulikuwa mmoja. Walikuwa wanaupitisha ubavuni kwangu kila asubuhi, umo kwenye turubai, watu wanne na mti. Ulikuwa mmoja. Nani kakwambia hii?"

Nikamweleza habari za mlinzi wa ghala, mtu wa Tukuyu, aliyebeba nusu ya nyuma. Mzee akainamia mtutu, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Bibi naye alidhani hivyo, akasimama. Kumbe ni kicheko, kile cha mtu mwembamba kinachokuja na kikohozi, machozi yakatoka kwenye yale macho meupe.

"Huyo alikuja na Mwingereza!" akasema. "Mama yangu! Huyo ndiye alikuwa anatupiga sisi! Umewaoza, mwanangu. Umewaoza hawa watu."

Bibi akacheka, na mimi kwa kuwa wote wanacheka nikapata ujasiri wa kipumbavu, nikasema, "Babu, rangi ilikuwa imekauka. Juni. Ilikuwa imekauka zamani."

"Najua."

"Ulijua?"

"Rangi gani inakaa majuma matatu bila kukauka, hata ya serikali? Nilikuwa na jicho moja, sikuwa na sikio moja." Vidole vyake vilikuwa vimerudi kwenye gurudumu, vinalizungusha. Hakunisamehe kwa maneno, wala hakunigombeza. Aliniambia tu niuache mzinga kwake mpaka kesho.

Nyumba ya bibi leo imekuwa nyumba ya wageni yenye vigae vyekundu, na pale alipokaa mzee kwenye jua wanauza tairi za malori, zimepangwa mpaka juu. Mianzi ipo bado kidogo bondeni. Mtoto wa siku hizi ukimtajia vita ile atakutolea simu, na humo mna picha safi ajabu, kila skrubu unaiona. Nami ninazo, nisijifanye, na kwa hizo nimeunda ile mizinga mingine kumi bila kukosea hata nati moja. Hakuna anayeniambia kidole gumba cha nani kilipinda. Wale waliokijua kitu kizima kwa kipande kimoja tu, kwa uzito wake na kwa kilio chake, wameondoka wote, na mlinzi wa ghala aliondoka mwaka uliofuata kabla sijapata moyo wa kumwambia kwamba nimemwoza. Mzinga ule wa kwanza sijaurekebisha. Mke wangu anasema ni uvivu. Uko rafu ya juu, nusu kwa nusu, na nikiwa na wageni wanaojua mambo naugeuza uelekee ukutani.

Asubuhi ile ya pili nilikwenda kuuchukua. Mzee alikuwa ameshauweka nje juu ya kigoda, ameufuta, ameutazamisha bondeni, mikono yake imekaa magotini. Alisikia hatua zangu kabla sijabisha hodi. Nikamwuliza, babu, umeuonaje? Kazi aliyonipa kwa jibu lake sijaimaliza mpaka leo, na maneno yenyewe yalikuwa haya:

"Mzinga ni mzuri, lakini watu wako wapi? Au huu wako ulikuwa unatembea wenyewe? Rudi Mbeya ukatengeneze watu kumi na wanne, na yule wa gurudumu ya kushoto mwekee kidonda shingoni, tena kikubwa, usinionee huruma."